Wolf Hall: hadithi ya karani, mtoto wa mfua chuma

Anayetaka farasi wakimbizane na mapanga yagongane aishie hapa, asije akanidai saa zake sita. Ndani ya Wolf Hall, tamthilia ya televisheni ya Waingereza, hakuna vita. Watu wanaongea chumbani, wakimaliza wanahamia chumba cha pili kuongea tena, na katikati yao kuna bwana mmoja mwenye joho jeusi anayesikiliza. Basi. Nimeiangalia yote mara nne, na sasa niko sehemu ya tatu kwa mara ya tano. Mama watoto ameshaacha kuuliza.

Mimi ni karani wa wakili hapa Moshi mjini, mwaka wa 26 huu. Kama umewahi kuwa na kesi unanijua: ni yule anayepeleka nyaraka masjala, anayehesabu viambatanisho, anayegundua saa nane na nusu mchana kwamba hati ya kiapo ina sahihi lakini haina mhuri. Siku hizi nyaraka nyingi zinapandishwa kwenye mfumo, ila mfumo haukosi usingizi kwa ajili ya mhuri. Kukosa usingizi bado ni kazi yangu. Kwetu ni Mamba, upande wa Marangu. Babu alikuwa mfua chuma, baba mfua chuma, na kaka yangu mkubwa anafua mpaka leo: mapanga, majembe, kengele, mikuki ya kuwauzia watalii. Mimi ndiye niliyekikimbia kiriba cha kupulizia makaa.

Sasa Thomas Cromwell, anayeibeba tamthilia hii mabegani mwanzo hadi mwisho, alikuwa mtoto wa mhunzi wa Putney, kando ya mto Thames. Baba mtu alikuwa mkorofi, alimpiga mpaka kijana akaikimbia nchi. Akapita Ufaransa na Italia, akawa askari, akatumikia wenye benki wa Florence, akauza vitambaa Antwerp, akarudi London na lugha kadhaa kichwani, akawa mwanasheria. Mwishowe hakuna aliyekuwa karibu na sikio la Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza kumzidi yeye. Jamani, ningeachaje kuangalia?

Kitabu ilikotoka tamthilia hii kilinifikia kabla ya picha. Nilikikuta soko la Memorial chini ya rundo la mashati, kona moja imevimba kwa maji ya mvua. Pengine kijana fulani wa Kizungu wa kujitolea alikiacha siku ya kufunga begi. Shilingi 2,000. Kina kurasa zaidi ya 600 na kilinila miezi minane, maana mwandishi wake, Hilary Mantel, ana tabia ya kumwita Cromwell "yeye" tu, ukurasa kwa ukurasa, wakati chumbani kuna wanaume sita na kila mmoja naye ni yeye. Nilikuwa narudi nyuma kutafuta nani kasema nini, kama ninayesoma mwenendo wa kesi ulioandikwa na mtu aliyesinzia. Nilipozoea, nikanasa. Kitabu hicho kilitoka 2009 kikachukua Booker, tuzo kubwa ya riwaya za Kiingereza. Cha pili, Bring Up the Bodies, kikatoka 2012 kikaichukua tena, na kabla yake hakuna mwanamke aliyewahi kuipata mara mbili. Cha tatu, The Mirror and the Light, kilikuja 2020, kinene kuliko wenzake. Mantel alifariki Septemba 2022.

BBC ilianza kurusha sehemu sita za kwanza Januari 2015. Vitabu viwili vizima ndani ya saa sita! Mimi naujua uchungu wa kuchukua jalada la kurasa 400 na kumwandalia bosi hoja za kurasa kumi. Kila unachokiacha kinakuangalia. Peter Straughan, aliyeandika mchezo, ameacha vingi, lakini sijaona alipokata mshipa. Na mwongozaji, Peter Kosminsky, hana haraka kabisa. Kamera inamfuata Cromwell mgongoni akipita korido, na wewe unaingia naye kila chumba bila kujua ndani kuna nini, kama yeye.

Chukua dakika za mwanzo tu. Ni mwaka 1529. Kardinali Wolsey, mtu mkubwa wa nchi, ameshindwa kumpatia mfalme ubatilisho wa ndoa yake na Malkia Katherine. Madyuki wawili, yaani mabwana wa ngazi ya juu, wa Norfolk na wa Suffolk, wanaingia nyumbani kwake kwa vifua, wanautaka Mhuri Mkuu wa nchi, sasa hivi, hapa hapa. Kardinali mzee hana wa kumtetea ila mwanasheria wake, Cromwell. Na mwanasheria anamwinamia sikioni: mhuri huo kisheria haukabidhiwi kwa kila mwenye mikono, anakabidhiwa ofisa anayetunza kumbukumbu za nchi, kwa lugha ya ofisini kwetu ningemwita mkuu wa masjala. Je, mabwana wamekuja naye? Hawakuja naye. Basi warudi wakamlete.

Nilipiga kelele peke yangu sebuleni. Madyuki wawili wenye majeshi yao wamerudishwa mlangoni na utaratibu! Kardinali kapata siku moja ya kufunga mizigo. Watu wanadhani karani ni mtu wa kubeba makaratasi. Miaka kadhaa iliyopita walifika kwa mteja wetu mmoja, mjane wa Majengo, watu watatu na gari la mizigo, wamekuja kubeba friji na makochi kwa deni la marehemu. Wana amri mkononi. Nikaiomba niisome. Nikaisoma polepole, kama mtu anayejifunza herufi. Ilikuwa nakala, haina mhuri. Nikawaambia kwa heshima zote wakalete yenye mhuri, nami nitawasaidia kubeba friji. Wakaondoka wakitukana. Kesho yake saa nne asubuhi tulikuwa tumeshapata zuio. Kwa hiyo usiniambie kwamba sehemu ya kwanza ya Wolf Hall inaanza polepole. Inaanza kwa ngumi, ila ngumi yenyewe imefungwa kwenye karatasi.

Cromwell anaigizwa na Mark Rylance, na hapa ndipo nitakapochosha watu. Huyu bwana haigizi kwa mdomo. Mtu akimuuliza swali hajibu papo hapo. Anaangalia pembeni kidogo, kama anayesikiliza chungu jikoni, halafu anasema maneno manne. Wakati mwingine hasemi, na aliyeuliza anaanza kuongea zaidi ili kujaza ule ukimya, na humo humo anajifunga. Nimeona mawakili wawili tu hapa Moshi wenye kipaji hicho, mmoja kastaafu. Nilimpa kijana wa kibanda cha muvi jirani yetu aone sehemu moja, nikitaka kujua kama mtu anaweza kuiwekea sauti ya Kiswahili, zile za DJ anayetafsiri juu kwa juu na kuongeza chumvi zake. Akaangalia robo saa, akaniambia, "Mzee, hapa DJ atakufa njaa. Huyu hasemi." Nikamwambia ndiyo utamu wenyewe. Akanirudishia diski zangu.

Kuna la giza. Kosminsky aliamua usiku uonekane usiku, hivyo sehemu za ndani za usiku wamezipiga kwa mwanga wa mishumaa, na nyumba zenyewe nyingi ni majumba halisi ya zamani, mawe na mbao zake. Uingereza watazamaji wengine walilalamika kwamba hawaoni kitu. Mimi siku ya kwanza nilikuwa upande wao. TV yetu ni inchi 32, taa ya sebuleni ni ile nyeupe kali inayofanya kila mtu aonekane mgonjwa, na nilichokuwa nakiona ni pua mbili na mshumaa. Kisha umeme ukakatika. Binti yangu wa mwisho alikuwa mezani na hesabu zake. Mama yake akawasha mshumaa, akaudondoshea nta kwenye kisosi ili usimame, akauweka kati yetu. Nikamwangalia mtoto. Nusu ya uso ilikuwa dhahabu, nusu haipo, na kalamu ilikuwa na kivuli kirefu kuliko mkono wake. Alipoinua macho kuniuliza saba mara nane, alionekana kama mtu anayejua siri. Umeme uliporudi nilizima taa nikaacha TV peke yake, na kuanzia siku hiyo sijaiona Wolf Hall kwa taa. Funga mapazia, zima kila kitu, washa maandishi ya chini kwa sababu Kiingereza chao kina manung'uniko mengi, na mwambie anayepika asifungue mlango wa jikoni ghafla.

Jambo jingine la kujiandaa nalo ni akina Thomas. Cromwell ni Thomas. Kardinali Wolsey ni Thomas. More ni Thomas, askofu mkuu Cranmer ni Thomas, Duke wa Norfolk ni Thomas, baba yake Anne Boleyn, yule mwanamke mfalme anayetaka kumwoa baada ya Katherine, ni Thomas, mshairi Wyatt ni Thomas, na kuna kijana karani anaitwa Wriothesley, Thomas naye. Sisi tusilalamike sana. Simama Marangu Mtoni siku ya soko uite "Mtui!" uone ni shingo ngapi zinageuka. Ila nakushauri ushike vyeo, jina utalipata mbele ya safari.

Diski zenyewe nililetewa na shemeji yangu, muuguzi anayeishi Leicester, Uingereza. Nilipomwambia kwamba Kardinali Wolsey alifia hapo hapo Leicester, Novemba 1530, akiwa njiani kupelekwa London kujibu mashtaka ya uhaini, akazikwa kwenye abasia ya mji huo, alidhani natania. Miaka tisa anapita karibu na bustani ya Abbey Park akienda kazini. Jumapili moja akaenda, akanitumia picha kwenye simu: nyasi, mabaki ya misingi ya ukuta, na jiwe la ukumbusho. Nimeichapisha nikaibandika ofisini juu ya kabati la majalada yaliyofungwa. Bosi alidhani ni kaburi la ndugu yetu, akanipa pole. Nikaipokea.

Ugonjwa wa jasho, maradhi ya enzi hizo yaliyoua ghafla, nitaupita haraka. Asubuhi mke wa Cromwell yuko kitandani hajisikii vizuri, jioni hayupo. Kisha mabinti wawili. Mdogo alikuwa na mabawa ya malaika ya manyoya ya tausi. Sitaki kusema zaidi. Mwenye watoto wa kike ataelewa kwa nini kila nikifika hapo nakwenda kuangalia kama geti limefungwa.

Ugomvi wa nyumbani kwangu ulianzia kwa Thomas More, aliyekuwa kansela wa mfalme. Mimi ni Mlutheri wa Mamba, mke wangu ni Mkatoliki wa Kilema, na kwa miaka 24 tumeishi kwa amani kwa kutozungumzia karne ya kumi na sita. More kwa Wakatoliki ni mtakatifu, ametangazwa hivyo 1935, na mwaka 2000 Papa Yohane Paulo wa Pili akamfanya msimamizi wa wanasiasa. Humu ndani Anton Lesser amemwigiza kama mzee mkavu, mwenye kejeli, anayetesa wazushi halafu anakwenda kusali. Mke wangu alisimama katikati ya sehemu ya pili akaniambia, "Baba, huyu mwandishi alikuwa na chuki." Nikajaribu kumtetea Mantel. Nikashindwa, maana kwa kweli kwenye hilo kidole chake kiko kwenye mzani; Cromwell naye alipeleka watu motoni na kwenye shoka, ila tunaoneshwa anavyohuzunika akifanya hivyo. Lakini subiri sehemu ya nne, More anapohojiwa gerezani. Watu wawili wenye akili kuliko wote nchini wamekaa meza moja, Cromwell anamwomba mwenzake aseme sentensi moja tu, ya kumkubali mfalme kuwa mkuu wa Kanisa, aokoke, na mwenzake anakataa kwa adabu. Mke wangu alirudi na kikombe chake cha chai akakaa mpaka mwisho. Julai 1535 More akakatwa kichwa, kikawekwa darajani London watu wakione. "Unaona?" akasema mke wangu. Sikuuliza nione nini.

Fitina za ikulu zile, watu wa Kilimanjaro tusijifanye wageni nazo. Mangi Meli, chifu wa Old Moshi, alinyongwa na Wajerumani hapo hapo Old Moshi tarehe 2 Machi 1900 pamoja na wenzake, na mpaka leo ukiwaweka wazee wa Old Moshi na wa Marangu benchi moja msibani, kabla sahani hazijatolewa wameshaanza kubishana nani alimchongea nani kwa kapteni wa Kijerumani. Mke wa George Boleyn, ndugu yake Anne, akina Seymour wenye nyumba hiyo ya Wolf Hall, mabwana wanaonong'ona dirishani: nawajua wote, wengine tumesoma nao.

Anne Boleyn ni Claire Foy, na ni mkali kama pilipili mbuzi. Alilelewa Ufaransa, basi jina la Cromwell halitamki kama Waingereza. Anasema "Cremuel", mwaka baada ya mwaka, kama tajiri anayekosea jina la mlinzi wake makusudi ili mlinzi asisahau. Unamchukia mpaka siku ya mwisho, kisha unajikuta unamwombea. Damian Lewis naye hakutuletea yule Henry mnene wa kwenye michoro anayekula paja la kuku. Henry wake ni mzuri, anacheka, anakuwekea mkono begani. Kila akimwekea mtu mkono begani mimi naogopa.

Alama? Sehemu sita za kwanza nazipa tisa na nusu kwa kumi. Nusu nimeizuia kwa ajili ya More, ili nile chakula cha jioni kwa amani.

Sehemu sita za pili, zinazotoka kwenye kitabu cha tatu, zilikuja Novemba 2024, na hapo sina budi kuwa mkweli. Hadithi inaendelea pale pale ilipoishia, Mei 1536, damu ya Anne haijakauka, lakini katikati waigizaji wameongeza karibu miaka kumi. Mfalme amelala kijana ameamka mzee. Duke wa Norfolk kabadilika sura kabisa, maana nafasi ya Bernard Hill kaichukua Timothy Spall. Spall ni mzuri, ila nilimkosa yule wa kwanza na ngurumo zake. Halafu kuna uasi mkubwa wa watu wa kaskazini, maelfu wameandamana kwa ajili ya monasteri zao zinazofungwa, na sisi tunausikia kwa wajumbe wanaoingia na tope miguuni. Kumbe fedha ziliwapungukia. Kosminsky ameeleza hadharani kwamba walikata sehemu za nje, na yeye, Rylance, Straughan na mtayarishaji wakaachia sehemu kubwa ya malipo yao ili kazi isife. Nikiwa mtu ambaye mshahara wake umewahi kusubiri mteja alipe, niliwaheshimu zaidi. Kuna faida moja: kardinali anarudi. Amekufa, ndiyo, lakini Jonathan Pryce anarudi kukaa kwenye pembe ya chumba na kuongea na Cromwell kama mzee anavyomtembelea mwanawe ndotoni. Siku kardinali anaponyamaza, utajua Cromwell kabaki na nani. Hizo nazipa nane.

Desemba tulipanda wote Mamba, kama kawaida. Nyumba imejaa, magari ya Dar yamejipanga mpaka kwenye migomba. Shemeji wa Leicester alikuwepo, na mfukoni mwa koti lake zilikuwemo hizo diski mpya. Usiku wa tarehe 27 nikaunganisha deki sebuleni kwa kaka yangu, nikatangaza kwamba tunaanza za zamani kwanza, ili watu waelewe. Vijana walivumilia dakika ishirini. Mashemeji wakahamia jikoni. Saa tatu nilikuwa nimebaki na kaka peke yake, kwa sababu kiti ni chake na hakutaka kuhama.

Kaka Kiingereza hakimpandi, basi nikajikuta mimi ndiye DJ. Kila wakinyamaza nilieleza, na kwa bahati walikuwa wananyamaza sana. Hakusema neno sehemu nne nzima, tukazimaliza usiku ule na kesho yake. Aliuliza tu kuhusu Putney, mhunzi yule alikuwa anafua nini, na nikamwambia viatu vya farasi, vyombo, kila kitu. Akatikisa kichwa. Viatu vya farasi hajawahi kufua.

Tukafika sehemu ya tano. Balozi wa Kaisari yuko pale, wakubwa wote wako pale, na mfalme anamgeukia Cromwell kwa ghadhabu kwamba amejadiliana na mabalozi kuvuka mipaka yake. Anamfokea mbele ya kila mtu. Anamwambia kwamba anafikiri yeye Cromwell ndiye mfalme, na mfalme ndiye mtoto wa mhunzi. Cromwell habishani naye. Uso wa Rylance pale ni uso wa mtu aliyesikia jina la kijiji chao likitajwa kortini.

Nilitafsiri. Kaka akaacha kutafuna.

"Rudia," akasema.

Nikarudisha, nikatafsiri tena, neno kwa neno.

"Hakumtukana yeye," akasema. "Kamtukana baba yake." Akaweka mfupa kwenye sahani. Shuleni Marangu walikuwa wakituita watoto wa makaa, mimi na yeye. Mimi nilikuwa nalia, yeye alikuwa anapiga. Hatukulitaja hilo. Nikabonyeza picha iendelee.

Sehemu ya sita tuliiangalia bila kusimama. Anne anahukumiwa, anapandishwa jukwaani, na mnyongaji ameletwa kutoka ng'ambo, kutoka Calais, na upanga. Kaka akainama mbele viwiko vikiwa magotini.

"Kwa nini upanga? Hawana shoka?"

Nikamweleza kwamba shoka ndilo la kawaida kwao, ila huyu ni malkia, mfalme kamfanyia hisani, kamwagizia fundi wa upanga wa Kifaransa.

"Ni hisani kweli," akasema, kwa sauti ileile anayomtajia mteja bei. "Shoka linapasua. Likikosa, unarudia. Upanga unakata." Akauangalia ukishuka. Nikayaona macho yake yakimfuata mwenye upanga, si mwanamke. "Umetengenezwa na mtu anayejua."

Kisha Cromwell anatembea kwenda kwa mfalme kumpa taarifa. Mfalme amefungua mikono miwili, uso umejaa furaha, anamkumbatia kama ndugu aliyerudi safari. Kamera haimwangalii mfalme. Inabaki kwenye uso wa Cromwell begani kwa mfalme, macho wazi, na picha inakatika hapo.

Kaka alikaa kidogo.

"Na huyu siku yake lini?"

"Julai 28, 1540."

Akahesabu kuanzia Mei 1536 kwa vidole, na cha shahada hakina kucha tangu tukiwa watoto. "Miaka minne na miezi miwili." Akainua kibuyu akamimina mbege iliyobaki, kwangu kidogo, kwake zaidi, akanyoosha mkono kuzima taa ya barazani iliyokuwa inatumulika dirishani.

"Weka ile nyingine," akasema.